Siku Ile Nani Alifungwa Bega

Watu wakisikia kisa changu wanataka kwanza kuuona mkono. Hebu unyooshe, wanasema. Basi naunyoosha mkono wa kulia mbele yao kama mtoto wa shule anayekaguliwa kucha. Unapanda mpaka usawa wa titi, halafu unagoma. Zaidi ya hapo hauendi, na daktari ameshaniambia hautakwenda.

Kama sasa hivi umekaa kwenye benchi la hospitali, umevimba bega au goti au kiuno, hukohoi hata kidogo, na kila anayekuona anakuambia uliteguka, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mengine nimeyaandika kwa hasira. Nilijaribu kungoja hasira iishe ndiyo niandike, haikuisha.

Naitwa Somoe. Nimezaliwa Kiegei, Nachingwea, nikasoma mpaka kidato cha nne, nikaolewa Nkowe, upande wa Ruangwa. Mume wangu ni Hashimu, mkulima wa korosho na ufuta. Tuna mtoto mmoja wa kike, Nuru. Haya yalipoanza Nuru alikuwa hajafikisha miaka miwili, bado ananyonya.

Pale Nkowe kulikuwa na Mwalimu Eliwaza, mwanamke wa Kipare kutoka Same, aliyepangiwa kuja kufundisha hesabu sekondari. Alipokuwa chuo Dar alijifunza jujitsu ya Kibrazili, ule mchezo wa kukamatana na kuangushana ambao sehemu kubwa mnacheza mkiwa chini. Alipoona wanafunzi wake wa kike wanatembea mwendo mrefu kurudi makwao katikati ya mikorosho, akaanza kuwafundisha Jumamosi asubuhi kwenye darasa lisilo na madawati. Sisi akina mama tulichungulia dirishani Jumamosi mbili. Ya tatu tukaingia. Tulikuwa saba. Mkeka wetu ulikuwa magunia ya juti, yale ya korosho, yameshonwa pamoja na kujazwa vipande vya magodoro yaliyokufa. Ukiangushwa unapigwa na harufu ya ghala. Tulivaa suruali za waume zetu, mitandio tumeifunga kisogoni, na wanaume wa kijiweni wakatuita makomando. Hashimu alicheka kama wenzake. Akasema mradi nisije nikafanyia mazoezi juu yake.

Kuna kitu kimoja nilikipenda kuliko vyote, nacho ni kumpindua mtu kutoka kwenye kufuli la bega. Nitakieleza, maana bila hicho hutaelewa nilimfanyia nini Mwalimu.

Umelala chali. Mwenzio amepiga magoti katikati ya miguu yako, mkono wake mmoja ameuegemeza chini. Unaukamata ule mkono kwenye kiwiko cha mkono wa shati, unazungusha kiuno pembeni, unapitisha mguu juu ya bega lake kama unavyorusha mguu kupanda baiskeli ya kiume. Halafu unakaa. Mkono wake umebaki umekunjwa kwenye nyonga yako, paja lako limelalia bega lake, uso wake umeelekea gunia. Bega limefungwa. Sasa ukimkandamiza mgongo asisogee, ukainama mbele, bega linachanika. Ukimwachia nafasi, mwenyewe ataviringika mbele kuliokoa bega lake, na wewe unakwenda naye, miguu bado imemshika, mpaka anaishia chali na wewe uko juu.

"Kufuli unaliweka ili atafute mlango," Mwalimu alikuwa anatuambia. "Mwachie mlango. Ukimzibia, umemvunja mwenzio, na Jumamosi ijayo huna wa kucheza naye."

Nilikipenda kwa sababu mikono haifanyi kazi kubwa. Kazi yote ni ya kiuno na miguu, na mwanamke anayelima na kuteka maji ana kiuno na miguu tayari. Mwalimu alikuwa ananichukua mimi kuonyeshea wenzangu. Alininyanyua, akanibeba mgongoni, akanilalia, nikamlalia, Jumamosi baada ya Jumamosi. Mume wangu alikuwa haujui uzito wangu kama alivyoujua yule mwanamke. Lishike hilo.

Maumivu yalianza kipindi cha kupulizia salfa, ile dawa ya mikorosho. Kipindi kile kila mtu Nkowe ana pa kuuma. Hashimu mabega yanamuuma kwa mashine ya kupulizia, mimi macho yananiwasha, nani atasikiliza bega? Nilidhani nimelilalia vibaya. Jioni mwili unapata joto, nikanunua dawa ya malaria, nikameza, joto likarudi. Kanga ikaanza kunizunguka mara mbili na kubaki. Nikajisifu. Nikasema mazoezi yananikata tumbo.

Jumamosi moja mikorosho ikiwa imetoa maua, nilimfunga Mwalimu bega mbele ya wote. Nikampindua vizuri kuliko siku zote. Yeye chali, mimi juu, wenzangu wanapiga makofi. Nikataka kuinua mkono wa kulia nifute jasho. Mkono ukakataa. Sikusikia kitu kukatika, hakuna aliyenivuta. Ulikataa tu, kama punda.

Nilipofika nyumbani Hashimu aliniuliza nina nini. Nikamwambia nimeumia mazoezini. Ilikuwa njia fupi ya kujibu. Sikujua nitaitembea mpaka wapi.

Mama mkwe wangu, Bi Salima, ni mtu wa dawa za nyumbani. Akasema mshipa umekaza, unataka kuvutwa. Akachoma maganda ya korosho, akakinga yale mafuta meusi yanayotoka. Huku kwetu watu wanayapaka kwenye miguu iliyochanika na kwenye nguzo za nyumba mchwa wasile. Akachovya unyoya wa kuku, akanipaka bega zima mpaka karibu na shingo, akaniambia yakiwasha nivumilie, ndiyo yanavuta. Nikavumilia. Nina cheti cha kidato cha nne, biolojia nilipata C, na nikakaa kwenye kigoda nikavumilia mafuta yanayoua mchwa. Siku ya tatu ngozi ilipanda malengelenge, siku ya tano ikatoka na kanga.

Simlaumu kwa mafuta. Alinipaka kwa nia njema na alilia alipoona nyama. Ninayomlaumu yako mbele.

Kuanzia hapo kila aliyenitazama aliona kidonda. Zahanati niliyoanzia sitaitaja. Nilikwenda kusafishwa kila baada ya siku moja, nakaa kwenye benchi la nje na wajawazito, nikiitwa naingia, naulizwa kimetokea nini, nasema mafuta ya korosho, nagombezwa, nasafishwa, natoka. Wiki zikapita hivyo. Hakuna aliyeuliza kwa nini nilipakwa. Nami sikusema, maana nilikuwa nimechoka kugombezwa. Kidonda kikafunga, kikaacha kovu jeusi linalong'aa kama ngozi ya kenge. Chini ya kovu bega likabonyea upande mmoja, na upande mwingine pakatokea uvimbe laini, hauna moto, hauumi sana ukiugusa. Mkono ukakonda ukawa kama wa mtu mwingine, wa bibi fulani aliyeniazima.

Wewe ambaye mikono yako miwili mizima, hujui inavyofanya kazi. Mimi nilijua siku nilipokosa. Sidiria nilivalishwa na mume. Mtandio sikuweza kuufunga. Mbeleko inataka mikono miwili mgongoni, kwa hiyo Nuru hakubebeka tena. Alikuwa ananinyooshea mikono chini pale, namwambia ngoja mama akae, na yeye hajui kungoja.

Na kula. Mkono wa kulia haukufika mdomoni, nikaanza kula kwa kushoto. Tulikuwa tunakula sinia moja, mimi, Bi Salima na wifi zangu wakija. Siku ya kwanza nilipotia mkono wa kushoto kwenye ugali, Bi Salima aliondoa wake. Akaunawa, akaenda kukaa kibarazani. Siku ya pili nilikuta nimetengewa sahani yangu pembeni, kama mgeni au kama mbwa, chagua mwenyewe. Dukani nilimpa muuzaji hela kwa kushoto, mtu ninayemfahamu, akaziacha juu ya meza mpaka niondoke. Kijiweni mmoja akauliza, "Komando, umepigwa risasi?" Wakacheka wote. Nilicheka na mimi, ili nipite.

Korosho zikaanza kuanguka. Kuokota ni kuinama na kuinuka, na kila bibo unalinyonga kutoa korosho yake kwa mikono miwili. Mimi nilikaa. Msimu mzima watu wengine wanahangaika, mimi nimekaa kwenye jamvi natazama. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwamba mke aliacha mtoto mdogo akaenda kujigaragaza kwenye magunia, sasa ameleta ulemavu nyumbani. Hashimu hakusema maneno hayo. Aliyasikia yakisemwa, akaenda zake kuvuta turubai la korosho.

Bi Salima akapeleka shauri kwa mwenyekiti wa kitongoji: yule mwalimu mgeni amemvunja mkwe wake. Tukaitwa uani kwa mwenyekiti, mchana, Mwalimu Eliwaza na wale wanawake wenzangu sita, na watu wengine wasiohusika waliokuja kusikiliza. Mwenyekiti akaniuliza mimi. Ilikuwaje, binti?

Nilikuwa na majibu mawili. Nikisema sijui, nimeamka tu mkono hautaki, basi ni mimi, mwili wangu, uzembe wangu, sahani yangu pembeni. Nikisema nimefanyiwa, naweza kurudi nyumbani nikiwa mtu aliyeonewa. Nikasema, "Mwalimu alinizungusha bega."

Mwalimu hakupandisha sauti. Yeye ni mtu wa hesabu, akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeruka hatua.

"Somoe," akasema. "Siku ile nani alifungwa bega?"

Wenzangu sita walikuwa wanajua. Walikuwepo, walipiga makofi. Wakainamisha vichwa, maana kila mmoja ana mume na mkwe. Na mimi nikainamisha changu. Mwenyekiti akadhani maumivu yamenizidi, akasema aachwe mgonjwa. Akaandika barua shuleni. Mazoezi yakafungwa, magunia yakatupwa stoo.

Nasoma hayo niliyoandika na ninatamani kulirarua karatasi. Lakini ukiugua utasema uongo, nakuambia mapema. Utatafuta mtu wa kumtwisha, na utamchagua yule ambaye hana ndugu pale kijijini.

Baada ya wiki kwenye simu yangu ukaingia ujumbe. Ulikuwa wa Mwalimu. Hakunisalimu. "Mwezi wa tano nilikuwa nikikubeba nasikia uzito. Mwezi wa nane ulikuwa mwepesi kama mwanafunzi na mwili wako una joto. Hilo si bega tu. Nenda hospitali kubwa uwaambie hivyo. Usipowaambia wataona kovu."

Nikaufuta. Ningeumezaje, umetoka kwa mtu niliyemsingizia? Nikaufuta, na kila neno likabaki kichwani, ndiyo maana leo naweza kuliandika. Nilikaa nalo bila kwenda popote mpaka mvua za kwanza. Kama kuna siku ninazozililia, ni hizo. Daktari alikuja kuniambia baadaye kwamba kiungo kilikuwa kinaliwa siku zote hizo.

Mvua za kwanza zilipoanguka Bi Salima akamwachisha Nuru ziwa. Akamlaza kwake. Kisha akaniambia niende kwetu nikapumzike, hapa kuna kilimo, hakuna wa kunihudumia. Nikauliza mtoto.

"Kwa mkono gani?" akasema. "Mkono ukirudi, njoo umchukue mtoto."

Nikamtazama Hashimu. Alikuwa anakaza mnyororo wa pikipiki, mnyororo ambao ulikuwa umekaza.

Nilifika Kiegei matiti yamejaa maziwa yasiyo na mtu. Mama yangu ni mtu wa maneno machache, na Kiswahili kinamchosha, kwa hiyo hata hayo machache anayasema kwa Kimwera. Alinivua gauni, akalitazama kovu, akalitazama bega lilivyobonyea, akanifunika. Akaninywesha uji. Kesho yake akaenda kuuza kuku wawili, na keshokutwa tulikuwa Nachingwea mjini, hospitalini, tangu mapambazuko.

Siku nzima nilikaa kwenye benchi la mbao lenye msumari uliochomoza upande wa kushoto. Baada ya kwenda mara nne nikalijua, nikawa nawaambia wanaokuja wasikae pale. Siku ile ya kwanza, zamu yangu ilipofika, daktari kijana alilitazama kovu, akauliza, nikasema mafuta ya korosho, akatikisa kichwa, akaanza kuandika. Niliiona kalamu inavyokwenda. Nikajua anaandika dawa ya kidonda, na nikitoka na karatasi ile sitarudi tena, sitakuwa na kuku wa tatu.

Nikasema, "Nimepungua tangu mwezi wa tano. Jioni napata joto. Bega lilianza kabla ya mafuta."

Akainua kalamu. "Nani amekuambia umepungua?"

"Mtu aliyekuwa ananibeba."

Akanipima uzito. Akatafuta kadi ya kliniki niliyokuja nayo ya wakati wa Nuru, akalinganisha. Kisha ndipo alipoweka vidole begani, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Nikapigwa picha. Wiki nyingine wakavuta usaha kwenye ule uvimbe kwa sindano, ukaenda kupimwa. Majibu yalichukua muda, na kila safari tuliambiwa bado. Yalipokuja ilikuwa kifua kikuu cha mfupa.

"Mbona sikohoi?" nikamwambia.

"Hakijakaa kifuani. Kimekaa begani."

Mama aliuliza kwa Kimwera kama ni cha kufa. Nikamtafsiria daktari. Akasema si cha kufa akimeza dawa, na mkono tutauona mbele ya safari. Mimi nilisikia neno mkono tu.

Nilianza vidonge watu wakiwa kwenye palizi ya mahindi. Vingi, vya asubuhi, tumbo tupu. Siku ya kwanza mkojo ulikuwa mwekundu kama sharubati, nikamwita mama aje aone, nikidhani ninakufa kwa njia nyingine. Muuguzi alikuwa ameniambia, mimi sikusikiliza. Mama ndiye aliyekuwa msimamizi wangu: anakaa mbele yangu, anatazama koo likipanda na kushuka, anasema ehe, anaondoka. Miezi ya kwanza nilitapika palizi nzima. Harufu ya dagaa ilikuwa inanifukuza ndani ya nyumba yetu wenyewe. Ufuta ulipoanza kukatwa vidonge vikapunguzwa, nikaanza kula.

Dawa tulichukulia dirisha la nyuma la hospitali, kwenye kibanda cha bati, mbali na wagonjwa wengine. Ukikaa pale kila apitaye anajua. Kulikuwa na dada mmoja muuza vitumbua, kikohozi chake kinamkunja, na kila nikija ananifukuza kwenye benchi lake: "Wewe wa bega, nenda ukakae kwenye upepo huko, usije ukaongeza mtaji." Alikuwa ananichekesha mpaka bega linauma. Siku moja hakuja. Safari iliyofuata pia hakuja. Sikumuuliza muuguzi. Nilikaa kwenye upepo.

Nataka niwe mkweli, na mazuri yalikuwepo. Muuguzi wa dirisha lile hakunifokea hata mara moja. Jirani yetu Kiegei alinisuka nywele kila baada ya wiki tatu, bure, nimelaza kichwa mapajani mwake kwa sababu kukaa wima kuliniuma. Mama alinikata kucha za mkono wa kushoto, maana wa kulia hauwezi kushika wembe. Na sahani. Nyumbani kwa mama tulikula sahani moja, mkono wangu wa kushoto na wa kwake wa kulia ikikutana kwenye mboga, na hakuuondoa wake.

Kwenye mwezi wa pili wa dawa, muuguzi akauliza kama nina mtoto chini ya miaka mitano. Akasema aletwe apimwe, hata kama yuko mbali. Nikampigia Hashimu. Akasema atamwambia mama yake. Wiki ya kwanza, mama anafikiria. Wiki ya pili, mama anasema mtoto hana kitu. Wiki ya tatu nikamwambia kwamba sasa hivi muuguzi amekaa hapa na simu ninampa yeye, aongee naye. Muuguzi alikuwa hayupo, nilikuwa jikoni kwetu nimekaa na paka. Hashimu akasema basi, tunakuja.

Walikuja kwa pikipiki mpaka hospitalini. Nuru alikuwa amekua. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyewahi kumwona sokoni. Akapimwa, hana kitu, akaandikiwa dawa za kumkinga. Tulipotoka nje nikachuchumaa mbele yake. Mikono yake ikanyooka, halafu akakumbuka, akaushika ule mkono wangu wa kulia unaoning'inia, akautikisa kidogo, akauacha. Akazunguka nyuma. Akakanyaga kisigino changu, akashika kanga yangu kiunoni, akapanda mwenyewe, goti, kiuno, mgongo, kama anapanda mpapai. Mama yangu akamfunga mbeleko.

Hashimu akasema mama yake amesema warudi wote wawili.

Nikamwambia, "Mwambie mama mkono haujarudi. Mtoto amerudi."

Alitia funguo za pikipiki mfukoni. Akaenda dukani, akaleta maziwa ya pakiti na maandazi, akampa mama yangu kwa mikono miwili. Akapanda pikipiki akaondoka. Sasa huja Kiegei mara moja moja, analala, anarudi. Kama hiyo ni ndoa, basi nimeolewa.

Salfa ikapuliziwa tena, mikorosho ikatoa maua tena, nikaingia miezi ya mwisho. Mkono ulianza kufika mdomoni siku moja mezani, sijajua kama umefika. Mama aliona, akaacha kutafuna. Nilikula ugali ule kwa mkono wa kulia mpaka ukaisha, tumbo limejaa bado nakula. Kichwani haufiki. Ndoo hauinui. Siku ya kidonge cha mwisho mvua zilikuwa zimeanza, na daktari alinionyesha picha mbili, ya mwanzo na ya mwisho. Ugonjwa umekwisha, akasema, ila ulichokula umekula. Nikauliza ningewahi wakati wa korosho zilipoanguka, ingekuwaje? Akaanza kuzirudisha picha kwenye bahasha. Nikamwambia basi, nimejibiwa.

Kwa hiyo wewe wa kwenye benchi. Usiwaambie kovu lako. Waambie uzito wako, joto lako, na ilianza lini kabla ya kila kitu kingine. Kama mwenyewe hujui, muulize aliyekuwa anakubeba. Na kama ulimsingizia mtu, ugonjwa ukipona hilo halitapona lenyewe. Halina kidonge.

Nilikwenda Nkowe nimembeba Nuru. Kwanza kwa mwenyekiti. Nikamsalimia, nikamwambia Mwalimu hakunigusa bega, nilisema uongo uani kwako. Akaniambia mwanangu, hayo yameshapita, shukuru umepona. Nikamwambia yamepita kwako. Nataka uje Jumamosi shuleni, usimame mlangoni tu.

Mwalimu nilimpigia simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema magunia yameliwa na panya. Nikasema nitashona. Nilishonewa na wanawake watatu, mimi nikishikilia.

Jumamosi ile tulikuwa watano kati ya wale saba, wawili waume zao walikataa. Mwenyekiti alisimama mlangoni na fimbo yake. Dirishani alikuwepo Bi Salima, amempakata Nuru juu ya kizingiti. Sijamsamehe. Nampa mtoto ambebe, basi.

Mwalimu hakutabasamu. Aliuliza daktari amesema nini, nikamwambia, bega lisibebe kitu, miguu ruksa. Nikalala chali, akapiga magoti katikati ya miguu yangu, akaweka mkono wake chini. Nikauvuta kwa kushoto. Nikazungusha kiuno, nikarusha mguu juu ya bega lake, nikakaa. Mkono wangu wa kulia ulilala tumboni kwangu kama mgeni. Bega lake nililisikia chini ya paja, limekaza, na nikaijua vizuri sana ile nyama ilipokutana na mfupa, inavyokaa, inavyoharibika. Nikasubiri. Sikumkandamiza mgongo. Akapumua, akaviringika, nikaenda naye, magunia yakatoa ile harufu ya ghala, na alipomaliza alikuwa chali anatazama mabati, mimi juu.

"Haya," akasema, kwa sauti ya darasani, wote wasikie. "Leo nani amefungwa bega?"

"Wewe, Mwalimu."

"Na siku ile?"

Dirishani Nuru alikuwa anapiga makofi peke yake.

"Siku ile pia ni wewe, Mwalimu."

Nikasimama, nikamnyooshea mkono nimwinue. Wa kulia usingeweza kumvuta, kwa hiyo nilimpa wa kushoto, mbele ya mwenyekiti, mbele ya mkwe wangu, mahali ambapo kwa mkono wa kushoto humpi mtu hata chumvi. Aliutazama. Akaushika, akainuka nao.